Picha zangu za Coco hazionyeshi korona. Nizifanyie nini?

Swali

Mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa Kawe, Dar es Salaam, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha kwa idhini yake:

"Shule zilipofungwa Machi 2020 nilibaki nyumbani, nikaanza kutembea na kupiga picha kwa simu. Ufukwe wa Coco, Daraja la Salenda, soko la samaki la Feri, siku nyingine ufukwe wa Kunduchi. Niliendelea hadi 2022. Sasa nataka kuzikusanya, lakini nikizitazama nakata tamaa. Picha za wenzetu wa nje za kipindi kile zina fukwe tupu na kamba za polisi. Zangu zina watu wanakula mihogo. Korona haionekani. Halafu pwani imebadilika, vibanda vingi nilivyopiga havipo, na majina ya watu waliomo siyajui. Je, zina thamani? Nirudi kupiga tena? Na ninaruhusiwa kuonyesha sura za watu? Nakutumia moja niliyoipiga mwisho wa kusini wa Coco, ya asili na niliyoisafisha."

Jibu

Mwalimu, nimeziweka picha zako mbili ubavu kwa ubavu, na nusu ya jibu imo humo. Niruhusu nikae hapo kwanza.

Katika ile uliyoisafisha yupo mama wa mihogo na karai lake. Mkono mmoja umeshika kijiko kirefu cha matundu, mwingine unakinga macho yasiingie moshi, na nyuma ni bahari. Imetulia, inapendeza, na ingeweza kupigwa mwaka 2012 au juzi Jumapili. Sasa itazame ya asili. Kushoto kabisa ipo ndoo ya bluu ya lita ishirini, imetobolewa na kutiwa koki ya plastiki, imepandishwa juu ya kreti la soda. Kipande cha sabuni ya mche kimetumbukizwa kwenye wavu wa vitunguu na kufungwa kwenye mpini wa ndoo ili kisidondoke mchangani. Chini ya koki mchanga umelowa na kuchimbika kashimo, ishara kwamba ndoo ilitumika kweli na haikuwekwa pale kumridhisha bwana afya. Mtoto wa kiume anasubiri zamu yake, mikono ya shati ameikunja hadi juu ya viwiko. Barakoa ya mama, ya kitenge, imeshuka kidevuni. Na kulia, juu ya bega lake, kule baharini, zimesimama nguzo za zege zisizobeba kitu, na winchi moja.

Umekata kushoto, ukakata na kulia. Ulichokitupa ndicho unachonililia kwamba hukuwa nacho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiusahau mwingine wote huu usiusahau, ni kwamba uache kukata kingo za picha hizi. Mpiga picha wa mtaani anafundishwa kusafisha fremu, kuondoa kila kinachovuruga macho, na kwa picha ya ukutani hilo ni sawa. Picha za 2020 hadi 2022 za Dar zina kazi nyingine. Katikati ya fremu uliweka ulichokipenda. Pembeni pakaingia mambo uliyokuwa umeyazoea kiasi cha kutoyaona. Rudi kwenye faili za asili, zote, hata zile ulizoziona mbovu, uzitazame kwa kuanzia kwenye kona nne kuja ndani.

Hizo picha za fukwe tupu zimekuharibia macho. Zilipigwa kwenye nchi zilizofungia watu ndani, na huko utupu ndio uliokuwa habari yenyewe. Hata jirani zetu Kenya waliweka kafyu tarehe 27 Machi 2020 na hawakuiondoa hadi Oktoba 2021; miezi ile ya mwanzo, saa moja usiku ikifika, mpiga picha wa Mombasa alitakiwa awe ndani. Sisi tulikwenda njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, ndipo ukapata nafasi ya kutembea. Aprili tukaona daladala za "levo siti", abiria wamekaa wote, konda anang'ang'ania mlangoni peke yake. Kufika mapema Mei zilikuwa zimetolewa takwimu ambazo hazikufuatiwa na nyingine kwa zaidi ya mwaka: wagonjwa 509, vifo 21. Juni Rais Magufuli akatangaza kwamba maombi yameushinda ugonjwa. Vyuo vikafunguliwa tarehe 1, na kufika tarehe 29 shule zote zilikuwa zimefunguliwa. Hapakuwa na amri ya kufungia watu wa Dar majumbani. Kwa hiyo Coco ilikuwa na watu, na mpiga picha mkweli asingeweza kurudi na picha ya ufukwe mtupu labda aamke alfajiri aidanganyie.

Korona ya Dar ilikuwa kwenye vitu vidogo vilivyopachikwa juu ya maisha yaliyokuwa yakiendelea. Ndoo na koki. Bango la kuandikwa kwa mkono lisemalo hakuna huduma bila barakoa, na aliyeliandika amekaa chini yake hana. Malimau na tangawizi zilizopanda bei ghafla. Mafungu ya mchaichai, mkaratusi na majani ya mwarobaini kwa ajili ya kupiga nyungu, yaani kujifukiza, yakiuzwa na mtu ambaye mwezi uliotangulia aliuza chaja za simu. Vitu hivi vilikuja, vikapotea, vikarudi. Ndoo nyingi za Aprili 2020 kufika mwisho wa mwaka koki zilikuwa zimekauka, au ndoo yenyewe imehamia kwenye kuoshea vyombo. Mwanzoni mwa 2021 watu wakaanza kusema "changamoto ya upumuaji" badala ya korona, na nyungu zikapanda tena jikoni. Tarehe 17 Machi mwaka huo Rais Magufuli akafariki. Tarehe 28 Julai Rais Samia akachanjwa hadharani kuzindua chanjo, na barakoa zikaonekana tena hata kwenye nyuso ambazo hazikuwahi kuzivaa.

Ningekuwa mimi, ningetoa kwenye simu yako kila picha yenye ndoo, hata kama ndoo ni doa la bluu nyuma ya mtu anayecheka, nikazipanga kwa tarehe. Ndoo imejaa, ndoo ina foleni, ndoo haina sabuni, ndoo imepinduliwa imekaliwa na kijana anayekula mishikaki. Msururu huo peke yake unaeleza miaka miwili ya mji huu kuliko picha yoyote ya machozi. Nauona ukiwa uti wa mgongo wa mkusanyiko wako.

Kuna jambo jingine linalozifanya picha zako ziwe adimu kuliko unavyodhani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika. Wapiga picha wengi ninaowafahamu waliona bora warudi kwenye harusi na vipaimara. Waliobaki ufukweni kila siku ni wale vijana wa Coco wanaokupiga picha na kukurushia kwenye simu hapo hapo, na kazi yao inadai tabasamu na bahari nyuma. Hakuna mteja anayelipia ndoo. Wewe ulikuwa unatembea tu, hukuwa na mteja wala mhariri, ndiyo maana ndoo zikaingia.

Sasa zile nguzo kwenye bega la mama. Hilo ni Daraja la Tanzanite likiwa linajengwa, zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji, kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco, kwa mkopo wa Korea Kusini. Ujenzi wake ulikwenda sambamba na matembezi yako karibu yote. Magari yaliruhusiwa kupita tarehe 1 Februari 2022 na uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 24 Machi. Kwa maneno mengine una saa ya ukutani ndani ya picha zako: nguzo tupu zimetangulia nguzo zilizounganishwa, nazo zimetangulia nyaya, na nyaya zimetangulia taa na magari. Picha yoyote iliyopoteza tarehe, kama ina kipande cha daraja pembeni, unaweza kuipachika mahali pake kwa kuilinganisha na zile zenye tarehe. Ukikata daraja umeivunja saa.

Na tarehe, Mwalimu, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwenye barua yako, kwa sababu, mahali nilipopafupisha, unasema baadhi ya picha umezichukua kutoka WhatsApp baada ya simu ya kwanza kufa. WhatsApp huikamua picha ikawa ndogo na kufuta taarifa zilizofichwa ndani yake, yaani saa, siku na aina ya simu. Bado hujaangamia. Tazama majina ya faili. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu nyingi za Android huitwa mfano IMG_20200517_172210, mwaka, mwezi, siku, kisha saa: tarehe 17 Mei 2020, saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili jioni. Iliyopita WhatsApp huitwa IMG-20200517-WA0009, haina saa, na siku hiyo ni ya kutumwa au kupokelewa. Upigaji unaweza kuwa wa jana yake au wa mwaka jana. Ziweke katika makundi mawili na usiyachanganye. Waulize pia ndugu na marafiki uliowatumia enzi hizo. Huenda mmoja anayo iliyo kubwa zaidi kwenye kompyuta yake.

Saa ya siku unaweza kuitafuta kwenye kivuli. Pwani ya Coco inatazama mashariki, hivyo kivuli kinachoangukia baharini ni cha alasiri na kinachoangukia barabarani ni cha asubuhi. Magazeti yaliyofungia karanga usiyaamini. Ya kufungia huwa yamechoka miezi mingi.

Ukishapata tarehe, andika maelezo chini ya kila picha. Hapa ndipo wapiga picha wetu wengi, pamoja na walio hodari, wanapoharibu. Mtu ana picha ya maana kabisa halafu chini anaandika "Matumaini wakati wa giza". Matumaini ya nani, wapi, lini? Maelezo ya picha yako mimi ningeyaandika hivi:

"Muuza mihogo akihudumia wateja wa Jumapili, mwisho wa kusini wa ufukwe wa Coco, Kinondoni, Dar es Salaam, 17 Mei 2020. Kushoto, ndoo ya kunawia mikono yenye koki, sabuni imefungwa kwenye wavu. Nyuma kulia, nguzo za Daraja la Tanzanite zikijengwa. Shule zilikuwa zimefungwa."

Yamekauka, najua. Mtu wa mwaka 2050 atakushukuru kwa ukavu huo, na wa leo anayejua kipindi kile atajaza mwenyewe kilichobaki. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomweleza msomaji kwa nini mtoto wa umri wa shule yumo, maana wiki ile hata siku za kawaida hazikuwa na darasa. Kila picha itafutie sentensi moja ya namna hiyo, jambo ambalo jicho peke yake lisingelijua. Kwa picha za njia ya kwenda ufukweni, mara nyingi itakuwa habari ya machinga: Oktoba 2021 mkoa uliwaondoa wafanyabiashara wadogo kandokando ya barabara na kuwapeleka kwenye maeneo waliyopangiwa, kwa hiyo meza za miwani na matunda ulizozipiga kabla ya hapo ni kumbukumbu ya mpangilio wa mji usiopo tena.

Kunduchi ningeitenga. Umezichanganya picha zake na za Coco kana kwamba ni mabadiliko ya aina moja, na siyo. Coco inabadilishwa na manispaa, barabara na fedha. Kunduchi bahari yenyewe inakula nchi, jambo lililoanza zamani: Hoteli ya Africana iliyokuwa maarufu ukanda ule ilibomolewa na mmomonyoko miongo kadhaa kabla ya korona, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoshuka kule umechangia kwa kuunyima ufukwe mchanga wake. Ngalawa na wachuuzi wa samaki wa Kunduchi wanastahili mkusanyiko wao. Ukiubandika wa korona juu yao utakuwa umeongeza chumvi pasipohitaji.

Kuhusu kurudi kupiga tena: rudi, lakini kwa adabu ya maji. Watu wengi wanaolinganisha picha za zamani na za sasa husahau kwamba Bahari ya Hindi hapa Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa sana katikati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ukipiga jioni ya bamvua, ufukwe ni kipande chembamba, watu wamebanana chini ya minazi na mivinje. Ukirudi wiki moja baadaye, saa ile ile, maji yako mbali na ufukwe umepanuka. Anayeweka picha hizo mbili pamoja na kuandika "tazameni ufukwe ulivyoliwa" anasema uongo bila kujua. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani tafuta tarehe ya picha ya zamani, angalia mwezi wa angani ulikuwa na umri wa siku ngapi, uende siku yenye mwezi wa umri ule ule na saa ile ile. Jedwali la maji kupwa na kujaa linapatikana bure kwenye simu. Wavuvi wa Feri watakuambia bila jedwali.

Simama palepale. Usikaribie zaidi kwa sababu sasa una simu yenye lenzi nzuri. Tumia lenzi ya kawaida ya simu, usivute, inua simu kwenye kimo kile kile, na tafuta kitu ambacho hakijahama kukupa kipimo: mnazi uliopinda, ukingo wa mwamba wa matumbawe, nguzo ya umeme. Kama kibanda hakipo, usijaribu kukipata kingine kinachofanana. Piga mahali kilipokuwa.

Mwanga wetu una ukali wake. Jua la Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na kwa kuwa linazama upande wa nchi kavu, Coco hupoteza mwanga mapema, linapoingia nyuma ya miti na nyumba za Oysterbay. Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na nusu, jua likiwa mgongoni kwako na likiwapiga usoni watu wanaotoka majini. Asubuhi ni kinyume, jua linatoka baharini na watu wanakuwa vivuli vyeusi. Ukiwa na ngalawa inafaa, ukiwa na mama wa mihogo haifai. Mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri huwa karibu utosini kabisa, macho ya watu yanageuka mashimo, hata uwe fundi namna gani.

Simu nayo inadanganywa na mchanga. Mchanga mweupe na anga huifanya idhani mwanga umezidi, inapunguza, na sura nyeusi zinazama kwenye giza. Huenda picha zako kadhaa zina ugonjwa huo. Gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, kisha vuta kialama cha jua juu kidogo. Anga likiungua, liungue. Futa lenzi kwa kitambaa kila mara, maana upepo wa kusi unaleta chumvi na utaona picha zote zina ukungu ukadhani ni hali ya hewa. Kwa zile za zamani, ongeza mwanga kwenye nyuso kwa kiasi, na hifadhi faili la asili pembeni bila kuligusa.

Sasa watu na sura zao. Nitakujibu kama mpiga picha. Ukifika kwenye kitabu au maonyesho ya kulipiwa, kaa na mwanasheria. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022. Kuwa na picha ya mtu aliye hadharani ni jambo moja; kuichapisha pamoja na jina lake, makazi yake au hali yake ni jambo zito zaidi, na habari za afya ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa mkusanyiko kama wako hii ina maana moja ya moja kwa moja: usiandike popote kwamba fulani aliugua, au kwamba alikufa kwa korona, hata kama mtaa mzima unasema. Mtu aliyeinama akikohoa nyuma ya kibanda anaweza kuwa amepaliwa na pilipili. Picha za watoto waliovua nguo wakiogelea zitoe kabisa, hata ziwe nzuri kiasi gani. Na zile za Feri zilizoelekea upande wa Ikulu ya Magogoni, au zinazoonyesha maeneo ya jeshi na ulinzi wa bandari, ziache kwenye droo. Usalama haujali kwamba wewe ulikuwa unalenga wapara samaki. Siku ukirudi Feri, ipe Ikulu mgongo tangu unaposhuka kwenye daladala, kisha muulize kiongozi wa soko kabla ya kutoa simu kwenye mnada. Madalali hawapendi kushtukizwa, na wana haki.

Kwa waliomo kwenye picha za zamani, njia ni ya miguu. Chapisha picha ishirini au thelathini za kwanza, za ukubwa wa postikadi, kwenye studio yoyote ya mtaani, uende nazo Coco siku ya kazi kabla wateja hawajajaa. Usiwaonyeshe kwenye simu. Simu mtu anaitazama kwa heshima na kukurudishia. Picha ya karatasi anaishika, anamwita mwenzake, wanaanza kubishana huyu ni nani na alihamia wapi. Wauza mihogo wanajuana. Anza na salamu kamili, ununue muhogo, ule, ndipo utoe bahasha. Utakutana na lile swali, "Ulinipiga ukaenda kuniuza kwa Wazungu?" Usikasirike na usijitetee sana. Sema ulikuwa nani, shule zilikuwa zimefungwa, picha hii ndiyo hii, na nakala hii ni yako. Akisema hataki ionekane, itoe mbele yake. Akikubali, muulize jina analotaka liandikwe, wengi watakupa la kazi, mama fulani, na hilo linatosha. Andika na alichokisema kuhusu siku zile, kwa maneno yake mwenyewe, siku hiyo hiyo kabla hujalala.

Fedha? Sikushauri kulipa ili kupiga picha, utaharibu soko kwa wenzako na kwa wale vijana wa Coco, ambao nao uwasalimie kwanza kwa kuwa pale ni ofisini kwao. Nakala ya karatasi ni malipo yanayoeleweka. Lakini siku picha ikiuzwa, mwenye sura apate sehemu yake, na mkubaliane kabla.

Mwisho ni suala la mahali pa kuziweka. Nakala moja kwenye diski ya nje nyumbani, nyingine kwa ndugu anayekaa wilaya nyingine, ya tatu mtandaoni kama bando inaruhusu. Ukifikisha seti iliyokamilika yenye maelezo, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, uwaulize utaratibu wa kupokea picha. Usiende na picha elfu mbili zisizo na tarehe. Watakupokea kwa ukarimu na hakuna atakayezifungua.

Anza na ndoo. Ukishaandika maelezo ya kumi za mwanzo nitumie niyasome, ila kwenye WhatsApp chagua kutuma kama dokumenti, usitume kama picha, la sivyo zitanifikia zimekamuliwa tena.